Siku Nilizodanganya Pembeni mwa Karanga

Mwili wangu haujawahi kuijua kalenda. Tangu nilipovunja ungo nikiwa darasa la saba, hedhi yangu huja inapotaka: mara baada ya siku ishirini na mbili, mara arobaini, mara sabini kasoro. Ikishafika hukaa siku kumi, kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Shuleni tulifundishwa kuwa mzunguko ni siku ishirini na nane, tukachora duara kwenye daftari, tukapewa vema. Langu lilikuwa zuri kuliko ya wote. Duara lile linanikera mpaka leo.

Lakini hasira ya kweli ilianza nilipoolewa kijijini Keza.

Kwa mama mkwe wangu, mwanamke aliye kwenye siku zake haingii kwenye karanga. Akiingia, zinanyauka. Hagusi hata mbegu zilizo kwenye kikapu. Basi kila mwezi mwanamke wa familia ile hukaa pembeni mwa shamba akichambua maharage, na nyumba nzima inajua, jirani anajua, mpita njia mwenye pikipiki anajua. Mabinti zake wanne aliwahesabia siku zao hapohapo. Hakuna aliyewahi kuulizwa chochote. Kuuliza ya nini, na shamba linasema?

Mwezi wa nne wa ndoa sikukaa pembeni. Wa tano pia sikukaa. Mama mkwe akanipokonya dumu la maji, akaanza kunikorogea uji wa ulezi, akawanong'oneza wanawake wenzake kanisani kwa sauti iliyosikika mpaka Kibimba. Nikamwambia, "Mama, mimi huwa nachelewa tu." Akacheka. "Wote husema hivyo." Nikaenda kimyakimya duka la dawa, nikanunua kipimo cha mimba, nikapima: mstari mmoja, hakuna kitu. Sasa ningemwonyesha nani? Siku ya sitini na nne damu ikaja. Nikakaa pembeni na sinia langu la maharage, naye akasimama katikati ya shamba akinitazama. Jioni nikamsikia akimwambia jirani kwamba nimeiharibu mimba kwa ukaidi wangu wa kubeba kuni.

Mume wangu ni fundi wa malori Nyakanazi. Alipokuja nyumbani Jumapili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mama ana nia njema. Nia njema! Nia njema ilikuwa inanifuata mpaka chooni.

Ikatokea tena, mimba ya pili isiyokuwepo, na safari hii lawama zilikuja na kikombe cha mizizi ya kunywa. Nikachoka. Nikaitazama kalenda ya ukutani, nikachagua tarehe kumi na mbili, na kuanzia hapo kila tarehe kumi na mbili, damu iwepo isiwepo, nilikaa pembeni siku nne kamili. Siku zangu za kweli zilipokuja nilifunga kanga mbili, nikaingia kwenye karanga na jembe, nikapalilia huku kiuno kikinikatika. Amani ikarudi. Uji ukakoma. Mama mkwe akasema sasa mwili wangu umetulia, nami nikaitikia kwa adabu. Nilikaa hivyo miaka miwili, nikijiona mwerevu sana.

Ila mtoto hakuja, na nilimtaka. Niseme wazi: nilimtaka kuliko walivyomtaka wao.

Nikaamua kwenda hospitali Biharamulo. Mama mkwe akakataa niende peke yangu, tukaondoka pamoja alfajiri. Mwuguzi tuliyemkuta alikuwa mdogo kuliko mimi. Akamwamkia mama, "Shikamoo," akaitikiwa, akafungua daftari, akaniuliza mzunguko wangu ni wa siku ngapi.

Mama mkwe akajibu. "Huyu yuko sawa kabisa. Kila tarehe kumi na mbili anatoka kwenye kalanga, siku nne, anarudi. Miaka miwili sijaona akikosea." Alisema kwa fahari, kama mzazi anayesoma ripoti ya shule.

Mwuguzi akaandika yote. Akasema kwa mzunguko ulionyooka namna hiyo ataanza na mume, aje apimwe, na mimi nihesabu siku za kushika mimba kuanzia tarehe kumi na mbili.

Kuanzia tarehe kumi na mbili! Niliiona miaka mingine miwili ikipotea kwa kalamu yake ya bluu. Nikasema, "Futa. Si kweli. Nilikuwa nadanganya."

Nikamwaga yote: arobaini, sitini na nne, siku kumi za damu, siku nne za uongo, uji, mizizi. Mwuguzi akaweka kalamu chini. "Mficha uchi hazai, dada," akasema, akachukua karatasi nyingine. Akaeleza kwamba huenda mwili wangu hautoi yai kila mwezi, na mara nyingi ndiyo sababu ya damu kuchelewa. Si laana, wala si kuni. Watapima wingi wa damu na tezi ya shingoni, watanipiga picha ya tumbo. Mimi niandike kila hedhi ya kweli, ilipoanza na ilipoisha. Ikichelewa, nipime mimba kabla mtu hajakoroga uji. Hilo la mwisho alilisema akimtazama mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa anamsikiliza. "Kwa hiyo uliingia kwenye kalanga ukiwa hivyo?"

"Niliingia, mama."

"Mwaka jana pia?"

"Mwaka jana pia."

 Mwaka jana tulivuna magunia matatu, na jirani alikuja kwetu kuomba mbegu.

Tulishuka Nyakanazi kusubiri gari la kwetu. Tukaagiza chai na chapati kibandani, malori yakiunguruma nje. Maneno yangu ya miaka mitatu nilikuwa nimeyapanga yote. Nilisubiri tu aanze kunilaumu kuhusu karanga zake.

"Ile mara ya kwanza," akasema. "Nilisema umeiharibu. Kumbe mimba haikuwepo?"

"Haikuwepo, mama. Nilipima."

Akakizungusha kikombe chake bila kunywa.

"Nilikwishampa jina," akasema. "La mama yangu. Huwa namwombea mpaka leo."

Maneno yangu yalikuwa tayari ulimini. Nikayameza na chai.