Shimo Nyuma ya Jiko Letu

Vijana wachimbaji walipokuja kuniomba wachimbe nyuma ya nyumba yangu, nilipaswa kukataa. Nilikubali, tena haraka, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho alikuwa amepata nafasi chuoni Johannesburg, fungu langu la mauzo ya jiwe lingelipa ada, na mimi niliyeishia sekondari nilitaka niitwe baba wa injinia.

Nyumba yetu iko Dilala, mtaa wa mji wetu wa migodi, moja ya zile za matofali za kampuni ya zamani ya madini. Nyuma yake palikuwa na jiko la nje na matuta ya lengalenga, yaani mchicha, ya mke wangu. Chini ya matuta hayo, walisema, kuna jiwe jeusi, kobalti nzuri kabisa.

Mke wangu aliwasikiliza hadi mwisho. "Na mi nitapikia wapi?"

Mkubwa wao alikuna kichwa. Wachimbaji wanaamini kwamba mwanamke akikaribia shimo, jiwe linakimbia. "Mama, utusamehe. Kule nyuma hautafika tena. Ni sheria ya shimo."

"Sheria ya shimo mu parseli yangu, kiwanja yangu mwenyewe?"

Alinigeukia. Nilimwambia apikie kwa jirani, kwa muda tu.

Matuta yakafukuliwa. Kila siku ilikuwa nyundo, vumbi, na vijana wanaoga kwa beseni letu bila kuomba. Mke wangu alivuka barabara na sufuria kichwani, watu wa pikipiki za taxi-moto wakimtania: "Mama, unahama na jiko?" Mwanzoni aliwajibu. Baadaye akanyamaza, na mimi nikajidai sioni.

Kila asubuhi nikifungua simu, nakuta picha za mtoto: taa za rangi, muziki, nyama ya kuchoma, marafiki wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba! Nilimpigia nikiwa nimekasirika.

"Jua lote hili uko unalala?"

"Tata, baba yangu, leo ni siku ya Mungu. Kazi ya chuo nilirudisha jana."

"Na kucheza vile?"

"Mi niko nasoma, tata. Lakini mutu akikaa na bitabu tu, kichwa kinakauka."

Lililonichosha zaidi ni kwamba alisema kweli. Alifaulu kila mtihani. Ningepata la kumgombeza ningepumua kidogo, lakini mtoto alisoma, akatoka, akacheza, akarudi kusoma, kama vijana wote wa mjini. Habari ya shimo hakuijua. Mimi ndiye niliyemkataza mama yake kumwambia, eti asisumbuke akili. Nilimfichia taabu yetu, kisha nikamkasirikia kwa sababu haioni.

Asubuhi moja alituma picha ya sahani, mboga za majani zimepangwa kama maua. "Mama, huku lengalenga ni chakula ya batajiri! Unitumie foto ya bustani yako, nionyeshe bakamarade, barafiki ya huku."

Mke wangu aliitoa simu mkononi mwangu, akaenda nyuma. Vijana walipiga kelele: "Mama, rudia! Rudi ndani!" Nami nikapiga kelele pamoja nao. Tulikuwa karibu na mshipa mzuri wa kobalti, nikaogopa jiwe litakimbia. Mimi, mkatoliki wa miaka yote, niliogopa hivyo.

Alisimama mbele ya turubai lililofunika shimo.

"Na we pia?" aliniuliza.

Alinirudishia simu, akaingia ndani, akafunga nguo zake. Kabla ya jua kuwa kali alikuwa juu ya lori la kwenda Sandoa, kwa mdogo wake.

Nilijiambia atarudi kazi ikiisha. Halafu nikajiambia mvua imeharibu barabara. Nilikuwa na sababu kila wiki. Jiwe lilikwisha kabla sijamfuata, na vijana wakahamia kiwanja kingine bila hata kufukia vizuri.

Nilipofika Sandoa alinipa kiti na maji, akaniuliza habari za safari, kama anavyopokewa mgeni. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza kwa adabu.

"Ukae kule, tata," alisema. "Mi niko bien hapa, niko muzuri."

Mtoto ni injinia sasa, na simlaumu hata kwa usiku mmoja aliotoka na wenzake. Alipojua habari ya shimo, alianza kumpigia mama yake kwanza, halafu mimi. Mke wangu ni mzima, analima, na hatarudi. Uamuzi ule wa kukubali shimo ulinigharimu yeye.