Miche Elfu Kumi na Mbili ya Rhonda

Saa moja asubuhi, Rhonda Mirrabul anamwagilia miche wakati gari jeupe asilolitarajia linaposimama nje ya kitalu. Anashuka kijana mwenye kofia mpya na sanduku la chupa mkononi.

"Mimi ni Callum, mkaguzi. Nimewahi kabla ya mvua," anasema. "Nikichota maji ya bwawa lililo karibu na mgodi leo na kuyapima, nasaini, mnaanza kupanda wiki ijayo."

Rhonda, mwenye miaka hamsini na mitatu, ameyasubiri maneno hayo maisha yote. Alikuwa angali akibebwa mgongoni wazee wa ukoo wake walipoukataa mgodi wa urani mbele ya wakubwa wa serikali. Ukachimbwa vivyo hivyo, kwenye ardhi yao, kaskazini mwa Australia. Kampuni ilipotaka shimo la pili, ukoo ulipinga miaka mingi, na safari hiyo ukashinda. Sasa shimo la kwanza limefukiwa, na Rhonda ameotesha miche elfu kumi na mbili ya kulifunika.

"Mbegu zote nimeokota kwa mikono hii," anasema. "Kama huamini, uliza mgongo wangu."

Lakini bwawa limefungwa. Mjomba wake, aliyevua samaki pale kila siku, alifariki wiki tatu zilizopita. Kwa mila yao, jina lake halitajwi, wala hakuna anayekanyaga pale, mpaka ndugu wote wafike kupafukiza moshi wa kumuaga. Rhonda alimwahidi mjane, Bi Elsie, kwamba hatampitisha mtu.

"Chupa moja tu, mama," Callum anabembeleza. "Mvua ikianza, barabara inakatika. Mtapanda mwakani."

"Majira ya mvua nayajua, mwanangu."

Bi Elsie, anayesuka kikapu kivulini, anacheka. "Mpe chai kwanza. Alivyokonda hivi, siku ya moshi atapeperuka nao!"

Kisha anashusha sauti. "Rhonda, najua ulivyoisubiri siku hii. Ukimpeleka, mimi nitaangalia upande mwingine."

"Hapana, Bi Elsie. Nilikwambia hapiti mtu."

Callum anafunga sanduku lake taratibu. Rhonda anamsukumia kikombe cha chai, kisha anaitazama miche, ambayo mizizi yake imeanza kutoboa mifuko.

"Nitaihamishia kwenye mifuko mikubwa, mmoja mmoja," anasema. "Mwakani itanifika kiunoni. Ikipandwa ikiwa na nguvu hivyo, wajukuu wangu watakaa kivulini mapema."

Anachukua koleo, anajaza udongo mfuko wa kwanza.