Sakafu Yenye Mgongo

Mto Rubyiro ulipofurika haukuchukua nyumba na watu peke yake. Ulichukua pia sakafu. Mgeni angeuliza sakafu ni kitu gani mbele ya watu watatu waliozikwa, lakini wakulima wa mpunga wa Gikundamvura hawakuuliza. Juu ya saruji ile ndipo walipoanika mavuno ya kila msimu, ndipo wanawake walipopepeta huku wakitaniana, ndipo posa zilipoanzia na magomvi yalipoishia. Maji yalipopungua, ilionekana imepasuka vipandevipande, tope limeifunika hadi magotini. Waliopoteza nyumba walihamishiwa mlimani. Wengine wakabaki bondeni. Kila mmoja akawa anaanika mpunga wake kwenye turubai nyuma ya jiko lake, peke yake, kama mtu anayekula amejifungia mlango.

Thacienne, ambaye wengi humwita Maman Feza, hakuweza kuyazoea maisha hayo. Alilelewa ng'ambo, upande wa Kongo, kwenye tambarare ya mpunga ya Luvungi, akarudi Rwanda akiwa tayari ni mama, na jembe na godoro, bila kumjua mtu. Waliomfanya mwenyeji ni wanawake wa sakafu. Walimsogezea nafasi mpunga wake wa kwanza, wakamcheka lafudhi, kisha wakamtembelea alipojifungua tena. Alijua deni la namna hiyo halilipwi kwa maneno.

Kwa hiyo misimu miwili mfululizo, kila Jumapili baada ya misa, alipanda mlimani akabisha hodi mlango kwa mlango.

"Tushuke kufanya nini, Maman Feza?" aliuliza Nasiba, mke wa mfanyabiashara wa vitenge wa Kamembe, ambaye zamani mpunga wake na wa Thacienne ulianikwa bega kwa bega. "Kuangalia matope?"

"Kuyatosha, yaondoke."

"We, Jumapili ni siku ya kupumzika. Mungu wako hakukuambia?"

"Aliniambia. Nilimuambia niko na kazi."

Nasiba alicheka, akampa chai, na hakushuka. Jumapili iliyofuata Thacienne alibisha tena. Walipokubali hatimaye, walikubali kwa sharti, na Nasiba ndiye aliyelitamka mbele ya wote: "Tutakuja kwa umuganda mara hii moja. Ile sakafu ikituharibia mpunga, usitupandie tena."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, walishuka, zaidi ya sitini, majembe begani. Tope lilikuwa limeshatolewa na wa bondeni, na lori lilikuwa limeleta saruji kutoka Muganza. Fundi alikuwa Ndayisaba, mtu mwangalifu, mwenye pima maji mpya aliyoifuta kwa leso kila baada ya kuitumia. Aliiweka juu ya ubao, akakiangalia kiputo kikitulia katikati kabisa, akatabasamu. Watu walipokezana karai za zege wakiimba. Kufika saa nne nusu ya sakafu ilikuwa imemwagwa, imenyooka kama meza ya padri.

Kisha kikapita kimvua kidogo, cha dakika chache tu. Watu walijibanza kwenye migomba. Thacienne alibaki amesimama ukingoni, kitenge kichwani, akiangalia. Maji yalikaa juu ya zege jipya. Hayakwenda kulia wala kushoto. Yalikaa, kama mchuzi kwenye sahani.

Aliona siku ya mavuno: mawingu ya ghafla, mpunga wa kaya zote umelowa kwa chini, umeanza kuchipua, na Nasiba akikunja turubai lake na kupanda mlimani. Aliona pia jambo lililomuuma zaidi. Asubuhi, kamba ya kupimia sakafu ilipovutwa, yeye ndiye aliyeshika ncha moja, akaona haikuinuka katikati, na alijua. Alijua, akanyamaza, kwa sababu fundi alikuwa na chombo na yeye hakuwa na kitu ila macho.

"Papa Ndayisaba," aliita. "Simamisha."

"Kuna nini tena, Maman?"

"Sakafu ya mpunga iko na mugongo. Katikati juu, huku na huku chini. Hii haina mugongo."

Fundi aliinua pima maji kama shahidi. "Angalia mwenyewe. Iko sawa."

"Hiyo inapima maji. Mpunga haiujui. Hapa panaitwa Gikundamvura, Papa, mahali panapenda mvua. We unatujengea sahani?"

Watu walicheka, kicheko kikamwingia fundi kama mwiba. Mwanamume mmoja akafoka kwamba mgongo wake ndio uliokwisha, kama sakafu inataka mgongo iuchukue. Thacienne akaona kwamba akizidi kumshinda Ndayisaba, atampoteza, na saruji haitawangoja.

"Kosa ni yangu," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Asubuhi nilionaka. Kamba nilishika kwa huu mukono. Nikanyamaza, nikasema fundi anajua kuliko miye. Munitukane miye, lakini tuitengeneze kabla haijakauka."

Ndayisaba alikiangalia kile kidimbwi cha mvua juu ya zege. Halafu akaifunga pima maji ndani ya leso yake, akaitia mfukoni.

"Mugongo wa namna gani?" aliuliza.

Thacienne alivua kandambili, akaingia kwenye zege, akaonyesha kwa kiganja. Nasiba alimtazama, akapandisha gauni, akaingia naye. "Huyu mwanamke atatuua," alisema, akaanza kukokota ubao. Walisukuma zege kutoka kingoni kwenda katikati hadi jua likawa utosini, na hakuna aliyeimba.

Mavuno yalipofika, mvua ilinyesha siku ya pili ya kuanika. Wanawake walikimbia, wakausukuma mpunga hadi kwenye mgongo, wakafunika kwa maturubai, na maji yakateremka pande zote mbili hadi mferejini. Habari ilifika mlimani kabla ya jua kurudi. Kesho yake walishuka hata wale ambao hawakuja umuganda.

Thacienne alichelewa, kwa kuwa alikuwa akimsaidia mjane mmoja kubeba gunia lake. Aliporudi na la kwake kichwani, sakafu ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, rangi ya dhahabu, na kelele zake zilisikika tangu barabarani. Alizunguka mara mbili. Hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka.

"Maman Feza umekosa nafasi!" Nasiba alipiga kelele. "Uende uanike nyuma ya jiko!"

Sakafu nzima ikaangua kicheko, na reki zikaanza kuusogeza mpunga, huyu kidogo, yule kidogo.