Kumpigia Mama Picha za Shore

Mama alipovunjika nyonga, nilimtoa kwetu Kakamega nikamleta mjini, mtaa wa Umoja ninapoishi, atibiwe. Baada ya upasuaji alikaa kwangu, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la juu. Aliyelala humo haoni kitu ila mawingu. Na ilikuwa Julai, jua halitoki, nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka.

Nilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha blanketi, jirani akibaki na ufunguo ili amchungulie. Nikirudi asubuhi namwosha mama, namgeuza, nampikia uji. Nilikuwa nimechoka hata nikawa nasahau kama nimetia sukari au bado.

"Kuna ndege huko nje," mama akaniambia siku moja. "Anaimba kila asubuhi. Ni yupi?"

"Ni shore tu, Mama. Anakula mapapai ya jirani."

"Chini ya mkia ana manjano, kama wa kwetu?"

Sikujua. Miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kumtazama.

Shemeji yangu hupiga picha za harusi. Akaniazima kamera nimpigie mama ndege huyo, akanionya, "Mwanga huu haufai. Ngoja jua litoke." Mama hakuwa na la kungojea zaidi ya ndege huyo. Nikawa nikitoka kazini nakaa uani juu ya debe, sare bado mwilini, vidole vimekufa ganzi. Shore walikuja wawili, wakadonoa papai lililopasuka. Nikibonyeza, wanaruka. Wakirudi, nabonyeza tena. Kuna asubuhi nilisinzia kamera ikiwa jichoni.

Picha zilipooshwa, karibu zote zilikuwa giza tupu. Moja tu ilikuwa na kitu juu ya papai. Mama akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni ndege au ni soksi?"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Naye akacheka, ameshika nyonga kwa maumivu. Halafu akaiweka picha chini, akanitazama.

"Mwanangu, wewe hulala saa ngapi?"

"Nalala, Mama."

"Nimeuliza saa ngapi."

Nikainuka nikapike uji. Akajivuta pole pole hadi ukingoni mwa kitanda, ameuma meno, akapigapiga godoro. "Panda hapo upande wa ukuta. Uji utangoja."

Nililala na viatu. Kuamka, ni alasiri, nimefunikwa leso yake. Yeye yuko kwenye kiti kando ya kitanda, mguu mbovu ameunyoosha, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Tangu atoke hospitali hakuwahi kukifikia kiti kile bila mimi kumshika.

"Nani amekuinua?"

"Ulikuwa unakoroma," akasema. "Sasa mimi ningelala wapi?"