Koo la Ratemo

Mwaka mzima Ratemo alikunywa dawa nyeupe ya chupa, ile ya vidonda vya tumbo, na mwaka mzima chakula kilizidi kukataa kushuka. Ulianza ugali, zikafuata ndizi za kupondwa, mwishowe hata uji ukawa unarudi. Kila alipokwenda hospitali mjini Kisii, daktari yule yule alimbonyeza tumbo na kumwambia apunguze pilipili. Ratemo hakuwa mtu wa pilipili hata kidogo.

Alikuwa mchoma matofali wa Suneka, jitu la miraba minne. Kufikia mwaka wa 1973 mkewe, Nyanchera, aliweza kumbeba mgongoni peke yake.

Ukweli waliupata Nairobi. Koo likapigwa picha, na daktari wa huko akasema ni saratani, tena imekwisha kuenea. "Mbona mmekaa hivi mpaka sasa?" akauliza. Nyanchera alitamani kumrukia. Wao ndio waliokaa?

Waliporudi, Ogari, mdogo wake Ratemo, akampeleka Nyanchera kwa wakili mmoja mjini, Bwana Onsongo.

"Mama, kesi ipo," wakili alisema baada ya kumsikiliza. "Lakini lazima tupate daktari atakayesimama kortini aseme mzee angepona kama ugonjwa ungegunduliwa mapema."

"Si angepona?"

Onsongo alivua miwani. "Labda. Ugonjwa huu huua hata wanaowahi. Na mzee mwenyewe atahitajika Nairobi apimwe upya, tuchukue maneno yake angali anaweza kusema."

Njiani kurudi, Nyanchera alipitia hospitalini. Alimkuta yule daktari wa pilipili kwenye ujia, akamweleza yote. Daktari alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Ratemo yupi, mama?"

Akamtajia Suneka, akamtajia dawa nyeupe. Daktari akatikisa kichwa: wagonjwa ni wengi. Akaenda zake. Hapo ndipo alipoapa kumshtaki.

Ratemo alikuwa ameketi kwenye jua nje ya nyumba, mkebe wa kutemea mate kando yake. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho.

"Mama Alfayo," akanong'ona, "nikienda Nairobi sirudi. Unataka nifie barabarani kwa ajili ya yule mtu?"

"Nataka aseme alikosea! Hata jina lako halijui, Baba Alfayo!" Akalia kama ambavyo hajawahi kulia mbele yake.

Ratemo alingoja amalize. "Njoo unilowanishe midomo," akasema.

Ogari alikuja asubuhi na gari la kuazima. Nyanchera alisimama mlangoni. "Haendi."

"Shemeji, wamemuua ndugu yangu nawe unawafichia?"

"Hajafa."

"Basi siku akifa, usinitafute mimi!" Ogari aliubamiza mlango wa gari, akaondoka.

Mchana ule Nyanchera alimchukia kila mtu: Ogari, daktari, hata Ratemo kwa kutaka kubaki. Alimuosha, akamgeuza ubavu. Alijaribu kumnywesha maziwa kwa kijiko, yakamtoka puani. Tangu hapo alikuwa akichovya kitambaa majini na kumkamulia mdomoni, naye Ratemo akikitafuna kitambaa kile kama mtoto mchanga. Alikufa mahindi yakitoa ndevu, akiomba maji.

Ogari alikuja mazikoni, akasimama upande wa pili wa kaburi, hakumpa Nyanchera mkono.

Matanga yalipokwisha, Nyanchera alirudi kwa Onsongo. Wakili akampa pole, akamweleza polepole: daktari wa kutoa ushahidi hakupatikana, kila aliyemwendea alikataa kumsema mwenzake. Na sasa maneno ya mzee mwenyewe hayapo.

"Kwa hiyo ilinipasa nimwachilie aende?" Nyanchera aliuliza. "Angekwenda, tungeshinda?"

"Labda, mama."

Aliketi pale pale kwenye kiti. Wateja waliingia na kutoka, na hakunyanyuka mpaka karani alipokuja kumwambia kwamba ofisi inafungwa.