Kipimo cha Melkizedeki

Katika gereji yake ya mabati pale Same, Melkizedeki hakuwa na chombo cha kupimia umeme wa magari. Chombo kilikuwa yeye mwenyewe. Mtu akizungusha hendeli, yeye huegemea boneti na kushika waya wa plagi kwa vidole. Akirushwa, moto upo. Akitekenywa tu, koili inayotoa moto wa plagi imechoka. Watu walimwona hana akili timamu, ila magari walimletea yeye, maana enzi hizo za Mwingereza vipimo vyenye kioo na mshale vilikuwa Moshi, na Moshi si pua na mdomo.

Siku ya harusi ya Ruthi, binti yake wa pekee, aliapa kutoshika grisi hata kidogo. Alivaa suti nyeupe na viatu vipya vya soli nene ya mpira, akapendeza mpaka akajiogopa. Ruthi na shangazi zake walikuwa wametangulia milimani, Vudee, kwenye kanisa la kwao, naye Ruthi alikuwa amemwambia baba yake hataingia kanisani bila yeye. Yeye na mkewe Dorkas wangepanda asubuhi hiyo na magunia ya mchele, kwenye lori la mfanyabiashara Swalehe.

Lori likagoma. Swalehe alizungusha hendeli mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Kiapo au si kiapo, Melkizedeki ilibidi apime. Alisimama mbali kidogo, suti isiguse bodi, akanyoosha mkono na kushika waya. Hakusikia kitu. Akashika tena, kimya. Akasema koili imekufa, na nyingine labda ije kwa treni kesho.

Kwa miguu wangefika Vudee watu wameshakula na kuondoka. Nani angemkabidhi Ruthi? Melkizedeki aliketi juu ya tairi bovu, akahisi machozi yanamlengalenga, na hakuona haya.

Dorkas alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Miaka yote hiyo alikuwa akifua mashati yenye doa la oili kifuani, mahali palepale, na leo kifua kilikuwa cheupe.

"Baba Ruthi," alisema, "wewe hupimi hivyo. Vua viatu, uliegemee gari kama siku zote."

Mganga hajigangi. Alivua viatu, akakanyaga udongo, akalala juu ya boneti na suti yake yote, akashika waya. Swalehe akazungusha. Melkizedeki alirushwa hatua nzima nyuma, akakaa chini, akacheka mpaka akakohoa. Koili ilikuwa nzima; soli za mpira ndizo zilizozuia umeme usimpitie. Alifungua plagi, akazikuta zimejaa masizi, akazikwangua kwa kisu na kuzikausha. Lori likanguruma.

Walifika Vudee kengele imeshapigwa mara ya pili. Wakwe walikuwa wamesimama nje na nguo zao za pasi, wakamtazama kuanzia kifua mpaka miguu isiyo na viatu. Viatu alivisahau gereji. Ruthi alikuwa mlangoni, amevaa glavu nyeupe za kuazima. Melkizedeki akaficha mikono nyuma, akamnong'oneza amngoje kidogo atafute maji na sabuni.

Ruthi akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa baba yake, akautafuta mkono ule mweusi, akaukamata kwa nguvu.

"Nilikwambia sitaingia bila wewe," alisema. "Twende, Baba."