Mkunjo wa Kushoto

Wateja wapya wa mama mdogo wote huanza kwa kosa moja: wanaiamkia sanamu. Mlango wa chumba chake cha kushonea ni mfupi, unaingia umeinama, na ukiinua uso, mtu wa kwanza kukutana naye ni mwanamke asiye na kichwa, kasimama karibu na dirisha, kavaa gauni la zambarau. "Shikamoo," wanasema, kisha wanashtuka, kisha wanacheka. Mama mdogo hacheki. "Marahaba," anaitikia kwa niaba yake, macho yakiwa kwenye cherehani.

Sanamu ile anaiita Dada. Ni umbo la marehemu mama yangu.

Sijui kama wasioshona watanielewa. Mama mdogo ana kawaida ya kuijaza sanamu pamba na vibaki vya nguo mpaka ifanane na mteja, halafu anashonea juu yake, mwenyewe asisumbuke kuja kujaribu kila mara. Mama yangu alikuwa mtu wa haraka. Kusimama akichomwa pini aliona ni adhabu. Kwa hiyo mdogo wake akamtengenezea mwili wa pili: mabega, tumbo lililolegezwa na uzazi, na makalio ambayo walitaniana juu yake mpaka machozi yakawatoka. Mama akafa. Mwili wa pili ukabaki, ukavalishwa gauni lake la mwisho, na ikawa marufuku kuugusa. Mimi niliyelelewa mle ndani nilifagia nikiuzunguka. Upepo ukiingia dirishani gauni lilitikisika kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama anapobadilisha mguu, nami nilitupa ufagio nikakimbia. Leo nina watoto wangu na bado siwezi kuipa mgongo sanamu ile.

Gauni lenyewe lilishonwa kwa ajili ya harusi ya binamu yao. Nilikuwepo siku mama alipokuja kulijaribu, nikicheza na vibaki sakafuni. Upande wa kushoto ulikataa kukaa. Kitambaa kilivutika kifuani kikafanya mstari. Mama mdogo akavuta hapa, akalegeza pale, akarudi nyuma, akakunja uso. Mwishowe akaufumua mkunjo wa kushoto, ule mshono unaolipa titi nafasi, akausogeza kuelekea kwapani, akaushona upya.

"Hapo ndani pamekuwa pagumu siku hizi," mama akasema, akijigusa.

"Panauma?"

"Wala."

"Basi umenenepa upande mmoja. Unakula kwa upendeleo."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Jioni hiyo, kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi nusunusu, mama mdogo aliongeza kifundo cha kitambaa kwenye titi la kushoto la sanamu, mahali palepale, ukubwa uleule, ili gauni lijalo lisimpe taabu. Gauni lilisifiwa harusi nzima.

Fundi akiona nguo haikai, anarekebisha nguo. Hilo ni kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya, tena kwa mikono safi na moyo mweupe. Mama alipokwenda hospitali ngozi ilikuwa imeshabonyea ndani, chuchu imegeuka, na saratani imefika kwenye mifupa. Hakukaa sana.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia mama mdogo mchana mmoja, nikamkuta kavaa gauni jipya la maua. Nimefundishwa kushona na yeye, macho yangu ni yake. Nilianza na kola, nikashuka, nikafika kifuani. Mkunjo wa kulia ulikuwa mahali pake. Wa kushoto ulikuwa umesogezwa kuelekea kwapani.

"Mama mdogo, gauni hili kakushonea nani?"

"Nani mwingine ataniweza?"

"Mkunjo huu umeusogeza kwa nini?"

Cherehani ikanyamaza. "Nguo imekaa au haijakaa?"

"Imekaa. Ndiyo maana naogopa."

"Kivimbe hakiumi, mwanangu."

"Na cha mama hakikuuma!" Nilipiga kelele, na sijutii. Kutokuuma ndiko kulikomzika mama.

Hakukasirika. Aliitazama sanamu dirishani, akasema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka isikie, "Miaka yote hii Dada kasimama pale. Wewe unadhani anasubiri nini? Zamu yangu imefika. Nilimshonea, sasa nami nimeshonewa."

Kumbe ndivyo alivyoishi. Nilidhani anaihifadhi sanamu kwa mapenzi, kumbe alikuwa amekaa na hakimu chumba kimoja, akiitikia marahaba kwa niaba yake kila siku. Nilimwonea huruma, na hasira zikanipanda palepale.

"Mama yangu hakuwa na subira ya kungoja pini mbili," nikamwambia. "Atakaaje miaka akikungoja wewe tu? Njoo hapa."

Nikavunja marufuku. Nilimshika mkono nikauweka juu ya titi la sanamu, penye kifundo. Mkono wake mwingine nikauelekeza kifuani kwake. "Kwako kikoje?"

Alipapasa huku na huku, macho kayafumba. Vidole vile havijawahi kukosea kipimo.

"Sawasawa," akasema. "Sawasawa kabisa."

Kesho yake tulikuwa hospitali. Nesi alimkagua matiti yote mawili na makwapa. Wakampiga picha, wakachukua kinyama kidogo kwa sindano. "Vivimbe vingi si saratani," daktari alitueleza, "ila kwa kupapasa tu hakuna anayejua, hata mimi." Kungoja majibu kulikuwa kubaya kuliko majibu. Mama mdogo hakushona hata tundu la kifungo. Alikaa akitazamana na dirisha.

Ilikuwa saratani. Daktari hakuzungukazunguka. Lakini ilikuwa bado ndogo, makwapani haijafika. "Mmewahi," akasema. "Ikiwa hivi, wengi hupona." Wakatoa uvimbe na nyama kidogo ya kando yake, titi likabaki. Kisha mionzi, iliyomchosha mpaka kikombe cha chai kikawa kizito, na vidonge ambavyo anameza mpaka leo. Ulimi haukuugua. Bandeji ilipotolewa aliukagua mshono kwenye kioo, akasema daktari ana mkono mzuri ila kumalizia uzi hajui.

Niliamini sasa tutapumua. Mionzi ilipokwisha aliniita chumbani akaniomba mkasi. Tulimvua Dada gauni la zambarau. Akakata uzi titini, akachomoa kifundo. Kilikuwa kibaki cha gauni lilelile, kimebana kikawa kigumu. Akakiweka kiganjani.

"Changu kilikuwa hivi," akasema.

"Ndiyo."

"Na daktari akasema tumewahi."

Nikaona anakoelekea, nikajaribu kumziba njia. Nikamwambia huenda cha mama kilikuwa kimeshasambaa tangu siku ile, vivimbe havifanani, hakuna ajuaye. Yote hayo ni kweli. Nilimuuliza daktari mwenyewe, pembeni. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama anavyomsikiliza mteja anayeelezea nguo isiyowezekana.

"Cha Dada nilikipima," akasema. "Kikiwa hivi, nilikuwa nacho mkononi."

Tukaivalisha sanamu tena. Bila kifundo gauni halikukaa: upande wa kushoto ulilegea, ukafanya mkunjamano mbaya ambao hata kipofu angeuona. Mama mdogo alinyoosha mkono kuchukua pini, kwa mazoea. Akaurudisha.

"Liache," akasema. "Likae hivyohivyo."